Wiki mbili za kungoja mwana ugenini

JE, msomaji, umewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali ukingojea stakabadhi? Basi wajua jinsi saa moja inavyoweza kuwa ndefu. Sasa jaribu kufikiria kwamba stakabadhi unayongojea ni pasipoti, na pasipoti yenyewe si yako bali ni ya mtoto wa miezi kumi na mmoja uliyemtia machoni kwa mara ya kwanza jana saa nane mchana. Uko katika mji ambao huwezi kusoma hata kibao cha mlango wa choo. Mtoto amelia usiku kucha. Kila ukimsogelea anageuza uso kuelekea mlangoni, maana mwanamke aliyezoea kumlisha alipitia mlango huo huo akaenda zake.

Una siku kumi na tatu zaidi kabla ya kupanda ndege kurudi kwenu. Utafanya nini?

Hayo ndiyo yaliyowakuta maelfu ya wazazi kutoka Marekani, Kanada, Uhispania, Uholanzi, Sweden na kwingineko waliokwenda China kuasili watoto, yaani kumchukua mtoto asiye wa damu yao na kumfanya wao kisheria. Sheria ya China ya kuasili ilianza kutumika Aprili 1992. Tangu hapo hadi mlango ulipofungwa mwaka 2024, watoto zaidi ya 160,000 walipelekwa kuishi katika nchi za kigeni. Zaidi ya 82,000 kati yao walikwenda Marekani. Mwaka 2005 peke yake Wamarekani waliwachukua karibu 7,900, na hakuna mwaka mwingine uliofikia idadi hiyo.

Mengi yameandikwa kuhusu sera ya mtoto mmoja iliyodumu kutoka mwaka 1980 hadi 2015, kuhusu faini walizotozwa waliozaa wa pili, na kuhusu watoto wachanga, wengi wao wasichana, walioachwa malangoni usiku. Leo nataka tutazame jambo dogo zaidi. Nataka tuzitazame zile wiki mbili za kungoja. Wazazi wengi walizihesabu kama siku za kupoteza, siku za kuvumilia hadi muhuri wa mwisho ugongwe. Kumbe ndizo siku pekee walizokuwa nazo za kuijua nchi ambayo mtoto wao alikuwa karibu kuipoteza.

Alama za vidole kwa wino mwekundu

Kwanza uelewe utaratibu wenyewe. Makaratasi ya nyumbani yalichukua miezi, na baadaye miaka. Karibu na mwisho wa mpango huo, aliyeomba mtoto mwenye afya kamili alingoja zaidi ya miaka mitano, na wengi waliosafiri walikuwa wakienda kuchukua watoto wenye kasoro ya moyo, mdomo uliopasuka au maradhi mengine yaliyohitaji matibabu.

Wito ulipofika, familia iliruka hadi makao makuu ya mkoa aliko mtoto: Changsha mkoani Hunan, Nanchang mkoani Jiangxi, Nanning kule Guangxi, Hefei kule Anhui. Watoto walikabidhiwa katika ofisi ya serikali au katika ukumbi wa hoteli, mara nyingi kumi au zaidi kwa mpigo, na unaweza kukisia kelele iliyokuwako. Siku moja baadaye wazazi walirudi kutia sahihi. Waligonga alama za vidole kwa wino mwekundu, na wakati mwingine wayo wa mtoto ukapakwa wino huo huo na kubandikwa kwenye karatasi. Papo hapo walitoa mchango kwa kituo kilichomlea. Kwa miaka mingi mchango huo ulikuwa dola 3,000, pesa taslimu, tena noti mpya za dola mia mia zisizo na kunjo hata moja. Wazazi walikuwa wamezibeba kiunoni chini ya shati tangu nyumbani, wakizipapasa kila walipopita katika umati.

Kisheria mtoto alikuwa wao tangu saa hiyo. Lakini hakuweza kwenda popote. Pasipoti yake ya China ilitengenezwa kwa takriban wiki moja. Halafu Wamarekani wote, hata mtoto awe ametoka pembe gani ya nchi, walilazimika kushuka hadi Guangzhou, mji mkubwa wa kusini, kwa kuwa ofisi ya ubalozi wao ya huko ndiyo pekee iliyotoa viza kwa watoto walioasiliwa. Huko mtoto alipimwa na daktari na kupigwa picha. Kisha wazazi walisimama mbele ya ofisa, wakainua mkono wa kulia na kuapa kwamba yote waliyoandika ni kweli. Viza ilitoka baada ya siku moja au mbili.

Ukijumlisha, ni wiki mbili hivi, na shughuli za ofisini humo ndani hazizidi siku nne. Siku zilizosalia zilikuwa tupu.

Wiki ya kwanza ndiyo yenye thamani

Ukiniuliza mimi, wiki ile ya kwanza mkoani ndiyo iliyokuwa ya maana zaidi, na ndiyo wazazi wengi walioikumbuka kidogo zaidi. Si ajabu. Walikuwa wamechoka, saa za mwili zimepinduka, mchana ukawa usiku, na mikononi wana mtoto ambaye hawajui kama analia njaa, homa au msiba. Mara nyingi ulikuwa msiba. Sisi wenye kulea twajua kwamba mtoto wa mwaka mmoja humtambua aliyemzoea kwa harufu na sauti. Ukimwondolea vyote siku moja, kwake ni kama nyumba nzima imekufa. Wapo waliolia siku tatu. Wapo walionyamaza kimya, wakashika biskuti mkononi tangu asubuhi hadi jioni bila ya kuila, na hao ndio waliotisha zaidi.

Walioshauriwa vyema hawakufua nguo alizokuja nazo mtoto. Waliziacha kitandani karibu naye, na harufu yake yote ya kituoni, hata kama kwa pua ya mgeni haikuwa nzuri. Walioshauriwa vyema pia walikuja na orodha ya maswali kwa walezi, maana nafasi ya kuuliza ilikuwa ya dakika chache tu, kupitia mkalimani, katikati ya vilio. Hula saa ngapi? Maziwa yake huwa ya moto kiasi gani? Hulalia upande gani? Je, ana rafiki aliyelala naye kitanda kimoja? Mama aliyesahau kuuliza swali hilo la mwisho hangelipata tena jibu lake.

Halafu kuna mji wenyewe nje ya dirisha. Chukua Changsha. Huo ni mji wa pilipili. Watu wa Hunan huila pilipili kama sisi tunavyokula sukuma wiki, kila siku na bila ya kuomba radhi. Mitaani huuzwa tofu iliyovundikwa na kukaangwa hadi ikawa nyeusi, ambayo harufu yake hukufikia kabla hujaiona meza. Asubuhi watu husimama vibandani na bakuli la tambi za mchele zenye mvuke, wakazimaliza upesi na kukimbilia kazini. Mgeni aliyetoka nje na mtoto kifuani, akanunua bakuli moja na kula akiwa amesimama kama wenyeji, alikuwa amepata kitu cha kumsimulia binti yake miaka kumi na mitano baadaye. Yule aliyebaki chumbani akila mkate wa hoteli alikuwa na picha ya pazia.

Nasema hivi bila ya kuwalaumu. Kumbeba mtoto mgeni katika mji mgeni, huku watu wamekuzunguka wakikutazama, si jambo rahisi. Lakini wapo waliothubutu, na jinsi walivyofanya ndivyo nitakavyokueleza.

Kisiwa cha wageni

Wafanyabiashara wetu wa Kamukunji na Eastleigh wanaijua Guangzhou. Wanazijua sehemu za Xiaobei na Sanyuanli, ambako Waafrika wa mataifa mengi hukutana kununua nguo, viatu na vipuri. Lakini muulize mmoja wao kuhusu Shamian na huenda akatikisa kichwa. Hakuna bidhaa za jumla huko.

Shamian ni kisiwa kidogo katika Mto wa Lulu, urefu wake haufiki hata kilomita moja. Palikuwa fungu la mchanga. Baada ya Waingereza na Wafaransa kuishinda China katika vita vya pili vya kasumba, walijitwalia hapo mahali pao, wakachimba mfereji wa kupatenganisha na mji na kujenga mabenki, makanisa na nyumba zenye roshani ndefu. Wachina wa kawaida hawakutakiwa humo. Mtu wa Nairobi ataelewa upesi nikisema ilikuwa Muthaiga yao. Wakoloni waliondoka zamani, lakini nyumba zipo, na mikuyu mikubwa yenye mizizi inayoning'inia bado inatia kivuli njia nzima.

Mwaka 1983 ilifunguliwa hapo hoteli ya White Swan, mojawapo ya hoteli za kwanza za kifahari katika China mpya, ambayo ukumbini mwake mna maporomoko ya maji ndani kwa ndani. Kwa miaka mingi ubalozi mdogo wa Marekani ulikuwa jirani kabisa. Basi wazazi wakajaa humo. Ungeshuka kunywa chai asubuhi ukakuta meza baada ya meza, baba na mama Wazungu na kitoto cha Kichina kwenye kiti kirefu. Wenyewe waliibandika hoteli hiyo jina la utani, “Korongo Mweupe”, kwa vile Wazungu huwadanganya watoto wao kwamba watoto wachanga huletwa na ndege huyo, kama sisi tulivyodanganywa kwamba hununuliwa hospitalini.

Pakazuka desturi. Kabla ya kuondoka, familia zilizosafiri pamoja ziliwavisha watoto nguo za hariri na kuwapanga kwenye kochi jekundu la hoteli wapigwe picha. Hapana picha hata moja ambayo wote walitazama upande mmoja. Mwingine alianguka juu ya mwenzake, mwingine alilia, mwingine alikula kofia. Nje, wenye maduka waliwaazima wazazi vigari vya watoto bila malipo, mradi wapite kununua kitu. Palikuwa na viatu vidogo vinavyolia kila mtoto akikanyaga, na wazazi waliovinunua kwa furaha walijuta ndani ya ndege. Palikuwa na mihuri ya mawe iliyochongwa jina la mtoto kwa maandishi ya Kichina. Baadhi ya wazazi walinunua zawadi kumi na nane, moja ya kila siku ya kuzaliwa hadi mtoto awe mtu mzima.

Kampuni ya Mattel nayo ilitoa zawadi maalumu kwa familia hizo: mwanasesere wa Barbie, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, amebeba kitoto cha Kichina. Kwangu mimi mwanasesere huyo anasema mengi kuliko aliyemtengeneza alivyokusudia. Mama yupo, mtoto yupo. Nchi ya mtoto haimo katika kisanduku.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari ya Shamian. Mtu aliweza kukaa hapo siku sita bila ya kula chochote ila nyama ndani ya mkate, bila ya kuzungumza na mtu ila Mmarekani mwenzake, kisha akasema ameiona China.

Kuvuka daraja

Waliotaka zaidi walivuka daraja dogo upande wa kaskazini. Dakika chache tu na uko Qingping, soko la dawa za mitishamba. Magunia yamepangwa hadi barabarani: uyoga uliokaushwa, mizizi inayofanana na mtu mwenye miguu miwili, nge, farasi wa baharini waliokauka kama vijiti, magamba na maganda ya machungwa yaliyohifadhiwa miaka. Kabla ya ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003 palikuwa pia na wanyama hai wa kila namna, na kuna mama waliorudi mbio. Lakini aliyesimama kwa utulivu aliona kwamba hapo nyanya wa kawaida alikuja kununua dawa ya kikohozi cha mjukuu, kama nyanya wa Marikiti anavyojua mzizi upi wa kuchemsha.

Asubuhi na mapema palikuwa na bustani. Wazee hufanya mazoezi yao ya polepole, mkono ukielea kama unasukuma maji. Wengine husimama kwa duara wakipiga kwa miguu kishada cha manyoya kisianguke chini, na wako wa miaka sabini wanaoweza kukipiga kwa kisigino nyuma ya mgongo. Katika bustani ya Yuexiu ipo sanamu ya mbuzi watano wa mawe. Hadithi ya mji husema kwamba njaa ilipozidi, wazee watano wa mbinguni walishuka wamepanda mbuzi, kila mmoja na mashuke ya mpunga, wakawapa watu. Hata leo Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi. Ukimweleza hayo mtoto wa Kimaasai atakuuliza mbona mji wenye akili hivyo uko mbali.

Na kuna chakula. Watu wa Guangzhou wakikualika “kunywa chai” usije ukadhani ni kikombe na mandazi mawili. Ni mlo wa saa mbili, vikapu vidogo vya mianzi vyenye maandazi ya mvuke, kamba waliofungwa kwa unga mwembamba, miguu ya kuku. Mwenzako akikumiminia chai humshukuru kwa maneno; hugonga meza kwa ncha za vidole viwili. Buli likiisha unalaza kifuniko kando, na mhudumu ataelewa. Mzazi aliyejifunza mambo hayo mawili tu alikuwa amekwisha kuonekana mtu.

Lakini chakula kilichookoa familia nyingi kilikuwa uji. Uji wa mchele, mwepesi, uliochemka hadi chembe zimepasuka, wa kuliwa na vipande vya samaki au yai. Vituo vingi viliwalea watoto kwa uji wa namna hiyo. Mtoto aliyekataa chupa na kutema ndizi aliweza kufungua mdomo kama kinda alipousikia mvuke wake. Hapo mama Mzungu alitambua kwamba mtoto huyu hakuwa mgumu. Alikuwa akitafuta kwao.

Majeshi ya nyanya

Hakuna mgeni aliyepita barabarani na mtoto wa Kichina asikutane na nyanya. Nchini China, kama kwetu, wajukuu hulelewa sana na nyanya na babu, na nyanya hao hawaoni mpaka kati ya mtoto wao na wa mwenzao. Waliwajia wazazi kutoka kila upande. Walivuta soksi ya mtoto. Walishika shingo yake kupima joto. Hata kukiwa na jua la nyuzi thelathini, mtoto asiye na nguo tatu alikuwa anakufa kwa baridi, na mama yake alielezwa hivyo kwa sauti, mkono ukionyesha vidole vya miguu vilivyo wazi. Wazazi waliwaita polisi wa nguo.

Wapo waliokasirika. Wenye busara walikaa kwenye benchi na kujisalimisha. Kwa nyanya hao walijifunza jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko iliyotariziwa (ndiyo, msomaji, wa kusini wanabeba mgongoni kama sisi na leso), na kwa nini suruali za watoto wadogo zilipasuliwa katikati. Muhimu zaidi, mtoto alisikia tena lugha aliyoizoea ikisemwa kwa upole karibu na sikio lake.

Au pengine hakuisikia, na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawakulijua hadi wakaambiwa. Guangzhou ni nchi ya Kikantoni. Mtoto wa kijiji cha Jiangxi au Hunan alikuwa amezoea lafudhi nyingine kabisa, na chakula kingine. Alipofikishwa kusini, naye alikuwa mgeni. Yaani mama, baba na mtoto, wote watatu walikuwa ugenini, na wa kumi na mmoja kwa miezi ndiye asiyeweza kusema.

Kisha lilikuja neno moja ambalo kila mtu alilitoa, mwenye duka, dereva, nyanya, huku akiinua kidole gumba: mtoto mwenye bahati. Wazazi walifundishwa kujibu kwamba wenye bahati ni wao. Wale watoto wamekwisha kuwa watu wazima sasa, na baadhi yao wamesema hadharani kwamba neno hilo liliwaelemea. Mtu akikuambia una bahati huwezi kumwambia unamlilia mama usiyemjua.

Karatasi ya gazeti

Wazazi waliotumia siku zao za kungoja vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, hawakuwa wale waliozuru mahekalu. Ni wale waliokodi gari na mkalimani, wakaenda hadi mji mdogo alikookotwa mtoto, pale waliporuhusiwa. Mahali penyewe pameandikwa katika faili: lango la kituo cha polisi, ngazi za shule, kichochoro cha soko. Walisimama hapo dakika kumi. Walipiga picha upande wa kulia na wa kushoto. Waliandika jina la barabara. Baadhi walitafuta nakala ya tangazo la gazeti la mkoa, kwa sababu kabla ya mtoto kuasiliwa ilipasa picha yake itangazwe ili wenyewe wajitokeze. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo picha yao ya kwanza duniani, ndogo kama stempu.

Umuhimu wake ulikuja kuonekana baadaye. Mwaka 2005 iligunduliwa mkoani Hunan kwamba baadhi ya vituo vilikuwa vikinunua watoto kutoka kwa walanguzi na kuandika kwamba wameokotwa. Februari 2006 mahakama iliwahukumu walanguzi pamoja na mkuu wa kituo kimoja. Tangu hapo mzazi yeyote aliyeasili China alilazimika kufungua tena faili na kujiuliza: lango hili ni la kweli? Waliokwenda kulitazama walikuwa na kitu cha kushika. Walikuwa na jina la mlezi, uso wake, rangi ya ukuta, mzee wa duka la jirani aliyekumbuka au asiyekumbuka. Baadhi ya vijana hao wamerudi China wakiwa watu wazima, wakapimwa chembechembe za urithi na kuwapata wazazi waliowazaa. Wengine wanaendelea kutafuta, wakianzia kwenye daftari lililoandikwa na mama aliyechoka katika chumba cha hoteli.

Usidhani hayo ni ya China pekee. Kwetu Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimtaka anayeasili akae na mtoto miezi mitatu mfululizo humu nchini kabla hata ya kwenda mahakamani, na wageni wengi walikaa zaidi ya hapo. Huenda uliwahi kuwa na jirani Mwitaliano au Mswidi aliyekuwa akimbeba mtoto wa Kiafrika hadi kioskini kununua maziwa, ukajiuliza anafanya nini hapa. Alikuwa akingoja. Mnamo Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto. Uganda ilibadilisha sheria yake mwaka 2016 na kumtaka mgeni aishi nchini mwaka mzima na kumlea mtoto humo. Ethiopia ilipiga marufuku kabisa mwaka 2018. Mwenye kulinganisha ataona tofauti: Kampala mwaka, Nairobi miezi mitatu, China wiki mbili. Sina haja ya kukuambia ni wapi mzazi aliweza kujifunza kupika chakula cha mwanawe.

Mwaka 2020, maradhi ya Covid yalipoingia, China ilisimamisha safari zote za kuasili. Mnamo Septemba 5, 2024, msemaji wa wizara ya mambo ya nje mjini Beijing alitangaza kwamba nchi hiyo haitatoa tena watoto kwa wageni, isipokuwa kwa jamaa wa damu wa karibu na wazazi wa kambo.

Tangazo hilo liliwakuta mamia ya familia za Marekani zilizokuwa zimekwisha kupangiwa mtoto kabla ya 2020. Jina walikuwa wanalijua. Picha zilikuwa ukutani, na baadhi walikuwa wametuma keki kituoni siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu walipopangiwa mwaka 2019 alikuwa na miaka minane siku ya tangazo, anasoma na kuandika. Wazazi hao hawakuwahi kuzipata zile wiki mbili, wala uji, wala nyanya wa kuvuta soksi. Na kitanda walichokuwa wamekinunua ni cha mtoto wa miaka mitatu.